Kukimbia vita si kukataa wito wa Mungu

BUNIA – Katika makanisa mengi ya mji huu neno "wito" linahubiriwa sana, na ni vema. Lakini linatumiwa pia kuwalemea watu ambao tayari wamelemewa. Katekista aliyehama na jamaa yake anaulizwa kwa nini aliacha kondoo wa Bwana. Mama anayelala hemani Kigonze anasikia kwamba mwenye imani angebaki kijijini, na mfano anaopewa ni Yona. Mfano huo haufai. Yona alikimbia kazi aliyotumwa. Mama huyu alikimbia panga na risasi, akiwa na watoto mgongoni. Yosefu naye alikimbilia Misri usiku pamoja na mtoto, na hakuna mhubiri anayemwita mwoga.

Ituri ina mfano wake wa karibu zaidi. Apolo Kivebulaya, Mganda, alifika Boga, katika eneo la Irumu, mwaka 1896. Walimu wawili waliomtangulia walikuwa wamerudi Toro kwa sababu ya njaa: chifu Tabaro hakupendezwa na mafundisho yao, na chakula kikawa shida. Nafasi ikabaki wazi. Apolo akasema atakwenda, bila kusukumwa na mtu, akabeba jembe ili alime chakula chake mwenyewe. Hapo ndipo imani ya hiari inapoonekana vizuri. Alijua wenzake walishindwa na nini, akajiandaa kwa jambo hilo hilo.

Mambo hayakumwendea vizuri. Alipigwa, kisha akashitakiwa kwa kifo cha dada yake chifu, aliyeangukia mkuki kwa ajali. Akafungwa minyororo, akavushwa Semliki hadi gerezani Toro. Je, siku ile wito wake ulikwisha? Aliachiliwa, akarudi, na Tabaro yule yule akabatizwa, akaitwa Paulo. Hata baadaye Apolo alitumika Toro miaka mingi kabla ya kurudi Boga na kukaa huko mpaka kufa kwake, tarehe 30 Mei 1933. Miaka ile ya kuwa mbali haikumfanya mtoro. Katika uzee wake aliingia msituni kwa Wambuti, na alipokaribia kufa aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, ingawa desturi ilikuwa mashariki.

Boga hiyo hiyo na Tchabi zilishambuliwa usiku wa 30 kuamkia 31 Mei 2021, usiku wa ukumbusho wake. Watu zaidi ya 50 waliuawa, na wengi wakaacha nyumba, mashamba na makanisa. Nani atathubutu kusema hao wote walikataa wito?

Wengine watajibu kwamba bila kusukumwa watu hulala. Huenda. Lakini anayeitika kwa sababu ya aibu amemwitikia mhubiri, siyo Mungu. Na sadaka inayokamuliwa kwa mtu anayengoja mgao wa unga, ili athibitishe imani yake, si ya hiari hata ikipigiwa vigelegele.

Kuna watu kambini ambao wameshaitika bila kuulizwa: anayefundisha watoto kusoma chini ya turubai, anayekusanya vijana wa korali wasio na ngoma, anayekwenda hema kwa hema kuombea wagonjwa. Hao wanahitaji ubao, chaki, na muda wa kusikilizwa. Parokia za Bunia zingeweza kuanza Jumapili hii kwa kumwuliza kila mhamishwa anayeketi viti vya nyuma: huko kwenu ulikuwa unafanya kazi gani kanisani? Kisha zimpe nafasi aiendeleze hapa, akitaka.