Pointi 25 na Hatima ya Kijana

Kila yatangazwapo matokeo ya mtihani wa kidato cha nne na Baraza la Mitihani la Tanzania, swali linalowatangulia majirani mlangoni, kabla ya pole wala hongera, ni kwamba kijana amepata divisheni ngapi. Na akishalijibu, aghalabu hapana amwulizaye ni somo gani alilolifanya vema. Muradi wangu ni kulitetea swali hili la pili, kwa kuwa naamini ndimo insafu ilimo.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kila somo hupewa herufi: A kuanzia alama 75, B kuanzia 65, C 45, D 30, na F kwa aliye chini ya hapo, kisha herufi hugeuzwa pointi, A ikawa 1 na F ikawa 5, na masomo 7 aliyoyafaulu zaidi yakajumlishwa. Mwenye pointi 22 hadi 25 yu daraja (ndiyo divisheni) la tatu. Akifika 26, yu la nne. Na ili achaguliwe na serikali kwenda kidato cha tano, sharti awe na C au zaidi katika masomo yasiyopungua 3, na pointi zake zisizidi 25.

Natuwatazame basi watahiniwa wawili. Wa kwanza amepata B katika Fizikia, Kemia na Hisabati, somo ambalo wengi huanguka mwaka baada ya mwaka, akapata F katika mengine 4: pointi 6 na 20, jumla 26. Wa pili amepata C 3 na D 4: pointi 9 na 16, jumla 25. Wa pili anaruhusiwa kuchaguliwa. Wa kwanza, ambaye shule zetu zinamtamani awe mwalimu wao wa sayansi wa kesho, amefungiwa mlango kwa pointi moja. Simhusudu wa pili hata kidogo, naye amestahiki alichokipata. Lakini naona dhuluma katika hesabu inayomficha wa kwanza.

Watasema wapinzani kwamba elimu ni upana, na kwamba asiyejua Historia wala Uraia hajakamilika. Kauli hiyo naikubali, ila niwakumbushe jambo moja: mtoto aliyesoma shule ya msingi miaka 7 kwa Kiswahili hutahiniwa Historia kwa insha za Kiingereza, ilhali mlinganyo wa Hisabati hauhitaji Kiingereza kingi, hivyo huenda F zile 4 zikawa ushahidi wa lugha kuliko wa akili.

Wala kanuni hizi si msahafu. Matokeo ya 2014 yalitolewa kwa mtindo wa GPA, yaani wastani wa pointi, badala ya madaraja, na mwanzoni mwa 2016 Wizara ikaagiza madaraja yarejee. Na Januari 2023 Baraza likaacha kuzitangaza shule na wanafunzi bora, uamuzi nilioupokea kwa furaha kubwa.

Kijana wetu aweza kurudia masomo aliyoanguka akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, lakini kwa ada yake mwenyewe, na mara nyingi bila mwalimu. Kwa hiyo naisihi TAMISEMI, inayosimamia uchaguzi wa kidato cha tano, ikubali kwamba kila mwenye B au zaidi katika masomo yote 3 ya tahasusi aombayo asizuiliwe na ukomo wa pointi 25, na ianze na tahasusi za sayansi.