Uhakiki Uanzie Mlangoni
Aprili 2017, Rais Magufuli alipokabidhiwa Dodoma orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wengi walishangilia, na haki walikuwa nayo: muuguzi ameshika roho za watu. Lakini mwajiri aliyempokea mtu na kumlipa miaka kumi hawezi kumtwika peke yake mzigo wote wa ushahidi. Watumishi wenye elimu ya darasa la saba walioajiriwa kabla ya Mei 20, 2004, kidato cha nne kilipokuwa bado si sharti, nao waliondolewa, hadi serikali ilipoagiza mwaka 2018 warudishwe kazini. Miezi hiyo watoto wao walikula nini? Mtasema mwongo hastahili huruma. Hata huyo alitoka jasho, na mwaka 2022 serikali yenyewe iliamua kumrejeshea michango yake ya pensheni. Mwajiri aulize Baraza la Mitihani kabla ya kuajiri. Akichelewa, gharama ya kuhakiki iwe yake, na mtumishi abaki na mshahara mpaka jibu lipatikane.