Ustadi wa Uta: Ni Nani Aliyeusahau?

Mwezi wa Januari mwaka 2015, watu wengi duniani walipigwa na bumbuwazi kwa filamu fupi ya Mdenmark mmoja, Lars Andersen, iliyoenea katika intaneti kama moto wa makuti. Alionekana akikimbia na kuruka, na huku mishale ikimtoka mkononi mmoja nyuma ya mwingine. Mitatu, ilisemwa, aliitupa kwa sehemu sita za kumi za sekunde moja. Wako waliostaajabu, na wako waliosema ni mazingaombwe. Lakini neno lililotugusa sisi ni lile lililofuatana na filamu yenyewe: ati huu ni ustadi wa kale uliosahauliwa, na sasa umegunduliwa upya.

Umesahauliwa na nani? Hilo ndilo swali letu leo, wala hatuliulizi kwa kumwonea mgeni kijicho.

Ukweli ni kwamba ustadi huo uliandikwa, tena kwa Kiarabu, na mikono ya Waislamu. Mnamo mwaka 1368 hivi, katika dola ya Mamluki iliyotawala Misri na Sham, bingwa aitwaye Taybugha alitunga kitabu kizima, Ghunyat at-Tullab, juu ya uta na mshale. Humo alikusanya mafundisho ya waliomtangulia, wakiwamo maimamu watatu wa fani hiyo: Abu Hashim, Tahir na Is-haq. Mabingwa hao walikhitilafiana katika namna ya kushika na kuvuta, kila mmoja na hoja yake na wafuasi wake. Kitabu kingine kiliandikwa Morocco karibu na mwaka 1500. Hicho cha Morocco kilifasiriwa kwa Kiingereza na kupigwa chapa Marekani mwaka 1945, na kile cha Taybugha kikafuata mwaka 1970. Basi, miaka sabini kabla ya filamu kuonekana, kitabu kilikuwa mezani kikimngoja msomaji.

Na siri yenyewe ni nini? Wazungu wengi huvuta upote kwa vidole vitatu, na mshale wao hukaa upande wa kushoto wa uta. Waarabu, Waturuki na Wamongoli walivuta kwa kidole gumba kilichovikwa pete ya mfupa, pembe au jiwe, na mshale wao ukakaa upande wa kulia, ule ule wa mkono unaovuta. Tofauti hii yaonekana ndogo, kumbe ndiyo mlango wa wepesi. Mkono hutoka kwenye podo lililofungwa kiunoni ukaenda moja kwa moja kwenye upote, bila ya kuuzunguka uta. Na mwenye kushika mishale kadhaa mkononi huwa amepunguza safari hiyo pia.

Namna ya kufunga vidole wakati wa kuvuta mabingwa waliieleza kwa hesabu ya vidole: waliiita sitini na tatu (63). Mwanafunzi wa pwani aliyesoma fikihi ya Kishafii hataona ajabu, maana amefundishwa kwamba mkono wa kulia katika tahiyatu hukunjwa kama afungaye hesabu ya hamsini na tatu (53). Ni hesabu ile ile. Maalimu wetu wameishika kwa ajili ya sala, na mabingwa wa uta waliitumia uwanjani.

Lakini tutahadhari hapa. Wapiga mishale wazoefu walimkosoa Bwana Andersen. Walisema kwamba uta wake ni laini, hauvuti mpaka mwisho, na shabaha zake nyingi ziko karibu. Hatutaji hayo ili kumvunja, kwani mtu aliyejitolea kufanya mazoezi kwa miaka anastahili heshima yake. Tunayataja kwa sababu vitabu vyenyewe vinafundisha jambo ambalo filamu haikuweza kulionyesha. Mwanafunzi hakuanza na wepesi. Alianza na uta mwepesi, akafundishwa kuutia upote, kuushika, kupachika mshale, kufunga vidole, kuvuta, kulenga na kuachia, akisimama karibu kabisa na shabaha. Kila hatua ilirudiwa mpaka ikaingia mwilini. Wepesi ulikuja baadaye, nao haukutengwa na nguvu wala na shabaha. Haraka haraka haina baraka, na katika vita ilikuwa haina hata uhai.

Waislamu tuna ushahidi mkubwa zaidi wa jambo hili. Katika vita vya Uhud, mwaka wa tatu wa Hijra, Mtume (S.A.W.) aliwaweka wapiga mishale hamsini juu ya kilima, chini ya Abdullah bin Jubayr, akawaamuru wasiondoke. Wengi wao walipoona adui anakimbia na ngawira imetapakaa, waliteremka. Kilichofuata kila mtoto wa chuoni anakijua. Hawakupungukiwa na ustadi wa mkono hata kidogo. Walipungukiwa na subira.

Na katika hadithi alizozipokea Uqba bin Amir, zilizomo katika Sahihi Muslim, Mtume alizifasiri zile nguvu zilizotajwa katika Suratul Anfal, aya ya 60, kuwa ni kupiga mishale. Tena alimkemea vikali mtu ajifunzaye ustadi huo kisha akauacha. Kemeo hilo halikumlenga asiyejua. Lilimlenga aliyejua akaacha.

Uta uliachwa kwa sababu inayoeleweka. Mwaka 1516, huko Marj Dabiq kaskazini mwa Sham, Mamluki walishindwa na Waturuki wa Uthmaniya waliokuja na mizinga na bunduki, na mwaka uliofuata Misri nayo ikaanguka. Hakuna wa kulaumiwa kwa kuwa baruti ilikuwa na nguvu kuliko kano na pembe. Lakini kuacha kuutumia uta vitani ni jambo moja, na kuacha kuusoma ni jambo jingine. Waturuki waliuendeleza kama mchezo wenye adabu zake, na mwaka 2019 upigaji wao wa mishale wa jadi ulitiwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa mataifa. Huko Hungary, Kassai Lajos alianza katika miaka ya 1980 kufufua upigaji wa mishale juu ya farasi, na leo ana wanafunzi katika nchi nyingi. Hao walifukua walipojua pana kisima.

Sasa tugeukie kwetu. Nyuma ya Malindi na katika nyika za Tsavo waliishi mabingwa wa uta ambao hawakuhitaji kufundishwa na Misri. Ni Waata, ambao wengine huwaita Wasanye. Walivuta uta mgumu ambao mgeni alishindwa hata kuukunja, na kwa mshale wa sumu waliangusha ndovu. Mbuga ya Tsavo ilitengwa mwaka 1948, na mwaka 1977 uwindaji ukapigwa marufuku katika Kenya nzima. Hatuiteti sheria hiyo, kwani ndovu nao ni amana. Lakini Waata hawakuwa na Taybugha wa kuwaandikia, na yaliyoandikwa juu yao kwa sehemu kubwa yametoka kwa kalamu za wageni. Kijana wa leo akitaka kujua babu yake alichonga uta kwa mti gani, aliusokota vipi upote, na alivuta kwa vidole vingapi, atafungua kitabu gani?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ustadi wa Mamluki ulilala karne nyingi, lakini haukufa, kwa sababu ulikuwa na daftari. Ule wa wazee wetu hauna, na kila jeneza linalopita linachukua ukurasa.

Kwa hivyo, msomaji mpenzi, usione uchungu kwamba Mdenmark ndiye aliyeutangazia ulimwengu hazina ya Waislamu. Mwenye kufungua kitabu ndiye mwenye haki ya kusema alichokisoma. Twaomba mambo mawili tu. Mwenye Kiarabu chake aziendee hizo kurasa za Taybugha, asingoje kusimuliwa. Na mwenye mzee nyumbani, awe fundi wa uta, wa jahazi au wa mlango wa nakshi, akae naye jioni moja na kalamu mkononi, kabla hatujatangaziwa na wengine kwamba ustadi huo nao umesahauliwa.