Sindano Usiyoijua

Mchezaji aumiapo, swali lake la kwanza ni moja: nitarudi uwanjani lini? Ndilo swali la mpagazi aliyeteguka bega na la mama aliyeumia goti. Kano hupona polepole kwa kuwa damu iifikiayo ni kidogo. Na pale subira inapokwisha, ndipo wauza miujiza wapatapo wateja.

Siku hizi unasifiwa mchanganyiko wa peptidi mbili, yaani vipande vifupi vya protini vitengenezwavyo maabara. Ya kwanza, BPC-157, ina asidi amino 15, nayo imechunguzwa zaidi na wataalamu wa Zagreb, nchini Kroatia, tangu miaka ya 1990. Ya pili, TB-500, imetokana na thimosini beta 4, protini iliyomo katika miili yetu. Inasemekana kwamba moja huotesha mishipa midogo ya damu penye jeraha, na nyingine huzisaidia chembe hai kusogea na kuziba pengo.

Katika panya, BPC-157 imeonyesha matumaini. Walakini, ndugu msomaji, panya si binadamu, na majaribio kwa watu ni machache mno, tena madogo. Isitoshe, mishipa ya damu ilishayo jeraha yaweza pia kulisha saratani iliyojificha. Hiyo ndiyo hofu ya wataalamu.

Tuwakumbuke wachezaji wa Essendon, klabu ya mpira wa Kiaustralia mjini Melbourne. Mwaka 2012 klabu yao iliendesha mpango wa sindano, nao wakatia saini fomu za kukubali. Januari 2016 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliwatia hatiani wachezaji 34 kwa kutumia thimosini beta 4, iliyokuwa marufuku michezoni. Wakakosa msimu mzima wa 2016. Aliyekuwa nahodha wao, Jobe Watson, akapoteza Nishani ya Brownlow ya mwaka 2012. Walijitetea kuwa waliamini sindano zile ni halali. Utetezi huo haukuwaokoa. BPC-157 nayo iliingizwa katika orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni mwaka 2022.

Mzazi mwenye kijana mchezaji, na wewe mfanyakazi uliyeumia kazini, kabla ya kutoa mkono uchomwe, uliza: ndani ya kichupa hiki mna nini? Nani ameithibitisha dawa hii kwa binadamu? Likitokea baya, nani atajibu? Anayekasirishwa na maswali hayo, mwachie kichupa chake.

Nenda hospitali. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo atakuongezea mzigo kidogo kidogo, juma baada ya juma, hadi kano irudishe nguvu zake. Ni njia ndefu, haina sifa wala kelele. Lakini imewarudisha wengi kazini na viwanjani. Mvumilivu hula mbivu.