Msimu wa watalii msituni: mzigo una karatasi, kijana hana

Juni imeingia, vyuo vikuu vimefunga, na Ulaya na Marekani watu wanaanza likizo za kiangazi. Mambo haya mawili hukutana kila mwaka katika soko la ajira la Kampala. Kwenye mitaa ya Ntinda, kuanzia makutano ya Spear Motors hadi Kiwatule, kijana aliyemaliza muhula anatafuta kazi ya miezi michache. Na kule kusini-magharibi mwa Uganda, loji na kambi zilizo kando ya Msitu wa Bwindi zinatafuta wapishi, wahudumu, wafua nguo, wapokea wageni na madereva. Mvua kubwa za Machi hadi Mei zimepungua, njia za kufuata sokwe zinapitika, na wageni wanafika hadi Septemba mvua zinaporudi.

Jambo hili linamhusu mfanyabiashara wa mipakani kwa sababu mbili. Kwanza, kijana anayeondoka mara nyingi ni mwanao, au ni yule aliyekuwa akikuuzia dukani. Pili, fedha za msimu ndizo zinazolipa karo na madeni ya dukani mwisho wa likizo. Kijana akirudi mikono mitupu, hasara haiishii kwake.

Tuanze na hesabu. Tangu Julai 2024, mgeni wa kutoka nje hulipa dola 800 kwa kibali kimoja cha kuwaona sokwe Bwindi, karibu shilingi milioni 3 za Uganda. Raia wa Afrika Mashariki hulipa shilingi 300,000. Kwa upande mwingine, kima cha chini cha mshahara nchini Uganda bado ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kiwango kilichowekwa mwaka 1984. Bunge lilipitisha muswada wa kukibadilisha mwaka 2019, lakini Rais hakuutia saini. Maana yake ni kwamba sheria haimkingi kijana kwa kiwango cha mshahara. Kinachomkinga ni mkataba wake tu.

Hapo ndipo penye tatizo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mwajiri hadi wiki 12 tangu kazi ianze kumkabidhi mfanyakazi masharti yake kwa maandishi. Kanuni za mwaka 2011 zinasema kibarua asizidishe miezi minne. Akifika hapo, anastahili mkataba wa maandishi na haitwi kibarua tena. Sasa hesabu mwenyewe: Juni, Julai, Agosti, Septemba. Msimu unakwisha palepale haki inapoanza. Si lazima mwajiri avunje sheria. Inatosha afuate kalenda.

Lakini sheria hiyohiyo ina kipengele ambacho vijana wengi hawakijui. Mfanyakazi aliyeajiriwa mahali palipo zaidi ya kilomita 100 kutoka nyumbani kwake ana haki ya kurudishwa kwa gharama ya mwajiri muda wa mkataba unapokwisha, au kazi inapokatizwa kwa ugonjwa au ajali. Bwindi iko zaidi ya kilomita 400 kutoka Ntinda. Nauli ya kurudi, basi, si hisani ya meneja. Ila huwezi kudai kurudishwa mwisho wa mkataba kama hakuna anayeweza kuonyesha mkataba ulianza lini na unakwisha lini.

Upande wa mpaka, mambo ni magumu zaidi. Tangu 2014, raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa. Wafanyabiashara wameizoea njia hiyo, na vijana wanadhani inatosha pia kwa kazi ya msimu kwenye kambi za Maasai Mara au kwenye loji za Rwanda. Haitoshi. Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu Julai 1, 2010, inamtaka mwenye kazi isiyozidi siku 90 achukue pasi maalumu, na mwenye mkataba unaozidi hapo aombe kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi baada ya kuingia mkataba. Isitoshe, kila nchi iliorodhesha aina za kazi ilizofungulia milango, na orodha hizo ziliwalenga zaidi wenye taaluma. Mfua mashuka hakufikiriwa sana.

Linganisha na bidhaa. Mzigo wa mazao usiozidi thamani ya dola 2,000, ukiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, unapita mpakani kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachojazwa palepale. Jumuiya ilikubali kwamba mchuuzi hawezi kubebeshwa makaratasi ya kampuni kubwa. Mfanyakazi wa msimu ni mchuuzi wa nguvu zake, lakini hana karatasi yake rahisi.

Na msimu wenyewe hauaminiki. Gatuna ilipofungwa Februari 2019, njia ya wageni waliotua Kigali kwenda Bwindi ilivurugika, na mpaka ulifunguliwa tena Januari 2022. Juni mwaka huohuo Bunagana ikatwaliwa na waasi wa M23, si mbali na Kisoro. Oktoba 2023, watalii wawili waliuawa katika Hifadhi ya Queen Elizabeth pamoja na Mganda aliyekuwa akiwaongoza. Kila tukio la namna hii hutisha wageni, na wanaokosa kazi mwanzo ni wale wasio na maandishi.

Serikali za Jumuiya zinaweza kulimaliza hili bila itifaki mpya: pasi ya msimu ya bei nafuu, inayotolewa mpakani kama cheti cha mchuuzi, yenye jina la mwajiri, mshahara na tarehe ya mwisho. Karatasi hiyo moja ingekuwa kibali na ushahidi kwa pamoja.

Kabla hilo halijafanyika, kijana asipande basi bila mambo manne kuandikwa, hata kwa ujumbe wa simu: mshahara na siku ya kulipwa, tarehe ya kuanza na kumaliza, nani analipa nauli ya kurudi, na kama mwajiri anachangia NSSF. Tangu mabadiliko ya 2022, kila mwajiri Uganda anapaswa kuchangia, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Mfanyabiashara hakabidhi magunia kumi kwa mtu asiyemjua bila risiti. Miezi minne ya mwanao haina thamani ndogo kuliko magunia hayo.