Nyenje wa dukani hawatawafikia wenye njaa

KILA masika yanapokolea magharibi mwa nchi, akina mama na watoto hukizunguka kichuguu, wakaitwanga ardhi kwa vijiti ili wadudu waliomo ndani wadhani mvua inanyesha, kisha wakaziba matundu kwa majani au blanketi na kusubiri. Kumbikumbi wanaojitokeza, ambao Wajaluo huwaita ng'wen na baadhi ya Waluhya chiswa, huliwa wabichi papo hapo, hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe, au huanikwa na kuuzwa sokoni kwa mkebe. Chakula hiki hakikungoja idhini ya mtaalamu yeyote.

Idhini yenyewe imekuja baadaye, tena kwa kishindo. Mnamo 2013, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilitoa ripoti iliyokadiria kuwa watu bilioni 2 duniani hula wadudu, na kwamba zaidi ya aina 1,900 zinalika. Humu nchini, kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, Nairobi, na Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kilichoko Bondo vimekuwa mstari wa mbele katika ufugaji wa nyenje. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) liliweka viwango vya wadudu wa kuliwa mnamo 2020. Muungano wa Ulaya uliruhusu unga wa nyenje mnamo 2023, na mwaka uliofuata Singapore ikakubali aina 16 za wadudu kwa mpigo.

Kwa hivyo, mjadala wa iwapo wadudu ni chakula umekwisha. Linalostahili kuulizwa sasa ni nani atakayefaidi.

Sifa za lishe si porojo. Nyenje aliyekaushwa ana protini ya takriban asilimia 60 au zaidi ya uzito wake, pamoja na madini ya zinki na vitamini B12, ambayo haipatikani katika maharagwe wala sukumawiki. Hata hivyo, msomaji asighurike akadhani ni dawa ya kila kitu. Huko Mumias, watafiti waliwapa watoto wachanga uji uliotengenezwa kwa mahindi, mchicha, kumbikumbi na omena, wakawalinganisha na wenzao waliopewa unga wa mahindi na soya ulioongezewa madini. Watoto hao walikua kwa kiasi sawa. Kwa upande wa madini ya chuma mwilini, unga ulioongezewa madini ulikuwa bora. Fauka ya hayo, mtu mwenye mzio wa kamba wa baharini anafaa kujihadhari, kwani mwili wake waweza kumkataa nyenje vilevile.

Ikiwa mdudu ni sawa tu na vyakula vingine bora, basi bei ndiyo itakayoamua. Hapa ndipo nyenje anapojikwaa. Husifiwa kwamba kilo 2 za lishe humtoa kilo 1, ilhali ng'ombe huhitaji kilo 8. Hesabu hiyo ni sahihi, ila haitaji lishe hiyo ni ipi. Mfugaji wetu aghalabu huwalisha nyenje chakula cha kuku kinachouzwa madukani, ambacho bei yake imewatoa wafugaji wengi wa kuku jasho. Aongeze gharama ya joto, ya kukausha na ya kusaga, kisha aupeleke unga wake sokoni ukashindane na omena na ndengu! Atakayemudu kuununua ni mkazi wa mtaa wa kifahari anayetafuta biskuti za ajabu, au mteja wa ng'ambo.

Wapo wanaodai kwamba kizuizi kikuu ni kinyaa. Nina shaka. Biskuti zenye asilimia 10 ya nyenje zilipojaribiwa kwa wanafunzi wa shule nchini, watoto walizila bila matata. Dini nazo hazina kipingamizi kwa nzige: Waislamu humla kwa kuwa ni halali, na Wakristo wanafahamu fika Yohana Mbatizaji alikula nini nyikani.

Nzige wenyewe walitupa funzo. Makundi makubwa yalipovamia kaskazini mwishoni mwa 2019 na kuenea katika mwaka wa 2020, jibu lilikuwa kunyunyiza dawa kutoka angani, hatua ambayo yamkini haikuepukika, lakini iliyowageuza nzige kuwa sumu kwa mlaji. Mnamo 2021, katika maeneo ya Laikipia, Isiolo na Samburu, kampuni moja iliwalipa wanavijiji Sh50 kwa kila kilo ya nzige ambao hawakuwa wamenyunyiziwa dawa, ikawasaga kuwa lishe ya mifugo na mbolea.

Njia hiyo ya lishe ya mifugo ndiyo ningeitilia mkazo. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulibaini kuwa asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, ikilinganishwa na asilimia 26 mnamo 2014. Kaunti zilizoathirika zaidi ni Kilifi, Pokot Magharibi na Samburu, mbali na vichuguu vya Siaya na Vihiga. Mama wa Kilifi hataanza kula kumbikumbi kwa sababu mhadhiri amemwambia. Yai, kwa upande mwingine, atalipokea kwa mikono miwili, na yai hilo linaweza kushuka bei iwapo kuku atalishwa mabuu ya nzi weusi wanaofugwa kwa mabaki ya sokoni na jikoni. KEBS ilikwisha kuweka viwango vya wadudu waliokaushwa kwa ajili ya lishe ya mifugo mnamo 2017. Faida ya pili ni kubwa zaidi: omena nyingi zinazovuliwa Ziwa Victoria huishia viwandani kuwa chakula cha mifugo. Kila gunia la mabuu linalochukua nafasi yake huacha gunia la omena kwa binadamu.

Na kumbikumbi je? Hujitokeza wakati wa masika, maghala ya mahindi yakiwa yamepungua, na aghalabu huwa ndio wakati uvuvi wa omena umesitishwa ili samaki wazaane. Huziba pengo ambalo hakuna mradi umeliziba. Lakini vichuguu vinabomolewa ili udongo wake ufyatuliwe matofali, vingine vinamwagiwa dawa mashamba yanapokatwa vipande vidogo vidogo. Kilimo ni jukumu la serikali za kaunti chini ya Katiba ya 2010. Afisa wa kilimo anayemfundisha mkulima kuangamiza mchwa wanaotafuna mahindi angeweza, katika ziara hiyo hiyo, kumwonyesha ni kichuguu kipi cha kuachwa, na kumpa mama muuzaji chandarua cha kukaushia, kwani kumbikumbi waliokaushwa vibaya huoza kabla ya siku ya soko.