Waya Kwanza, Lawama Baadaye

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii tumeichosha sana katika insha zetu, lakini leo nataka kuitumia kwa jambo ambalo wahenga wenyewe hawakuliota: ile waifai ya nyumbani inayokuja na kupotea kama jua la masika. Dawa yake mara nyingi iko mvunguni hasa, nyuma ya kabati na chini ya zulia. Dawa yenyewe ni waya.

Wasomaji wapenzi, walimu wetu watukufu na wanafunzi wenzangu, maoni yangu ni haya. Nyumba nyingi zilizo na vituo viwili au vitatu vya waifai hazina upungufu wa mitambo. Zinasumbuliwa na waya mbovu, au waya uliochomekwa mahali pasipofaa, au kukosa waya kabisa. Nasi vijana, badala ya kuwalilia wazazi wanunue kisanduku kingine, tunapaswa kuinama tukachunguze.

Huenda mtu akasema, "Haya, hayo ni mambo ya mafundi, yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sana! Mwanafunzi aliyemaliza shule ya upili huomba nafasi ya chuo kupitia tovuti ya KUCCPS, na tarehe ya mwisho haimngoji mtu. Mkopo wa masomo wa HELB huombwa kwenye mtandao. Karatasi nyingi za serikali siku hizi hupitia eCitizen. Mtandao ukikatika katikati ya fomu, mtu huanza upya. Na zaidi ya hayo kuna pesa. Mzazi akishanunua kisanduku cha tatu na tatizo likabaki pale pale, hizo ni karo zilizokwenda na maji.

Kwanza tuelewane juu ya jambo moja. Waifai si intaneti. Intaneti hufika Kenya kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Mwaka wa 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa, na huo wa TEAMS unatokea Fujairah kule Falme za Kiarabu. Mwezi wa Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu baharini upande wa Afrika Kusini, sisi huku tuliona mtandao ukijikokota kama kobe. Kwa hivyo habari husafiri maelfu ya kilomita ndani ya waya, halafu waifai huichukua kwa hatua chache tu za mwisho, kutoka ukutani hadi mkononi mwako. Hizo hatua chache ndizo tunazozifanya ziwe nyingi bila sababu.

Hebu fikiria watu waliopanga foleni kutoka mtoni wakipokezana ndoo za maji. Kila mmoja anapokea kwa mikono ile ile anayotumia kumpa mwenzake. Hawezi kupokea na kutoa kwa wakati mmoja. Hivyo ndivyo vinavyofanya kazi vituo vya waifai vinavyoongea kwa njia ya hewa peke yake. Kituo cha pili kikitumia redio ile ile kupokea kutoka kituo kikuu na kuipa simu yako, kasi hushuka karibu nusu. Ukiongeza kituo cha tatu nyuma yake, inashuka tena. Viko vituo vya bei kubwa vyenye redio ya ziada kwa kazi hiyo, lakini ukuta wa mawe na sakafu ya zege haviheshimu bei. Masafa ya gigahezi 5 yana mbio ila huchoka upesi ukutani. Yale ya 2.4 hupenya zaidi lakini ni ya polepole, na majirani wote wa ploti wamejazana humo. Mabati nayo huyarudisha mawimbi yalikotoka.

Sasa weka waya kati ya kituo na kituo. Hapo umeacha ndoo, umetandika bomba. Hewa yote inabaki kwa simu na tarakilishi.

Lakini nasikia mtu akiguna: "Sisi tumeweka waya na bado inasumbua!" Naam, hapo ndipo penye utamu wa maneno, na hapo ndipo watu wengi hukata tamaa. Waya haukosi kasoro. Uzuri wake ni kwamba kasoro zake zinaweza kutafutwa na kupatikana, tofauti na zile za hewani ambazo leo zipo na kesho hazipo. Ila lazima zitafutwe kwa utaratibu, jambo moja baada ya jingine. Anayebadilisha mambo matatu kwa mpigo hata akifaulu hatajua kilichomponya.

La kwanza ni kujua kosa liko ndani ya nyumba au nje. Chukua tarakilishi, iunganishe kwa waya mfupi moja kwa moja kwenye rauta ya kampuni. Ikisumbua hapo, hata ukinunua vituo kumi ni kazi bure. Ipigie simu kampuni na uwaambie ulichokiona. Kama hapo ni salama, rudi kwenye kituo chako kikuu, fungua dirisha la amri na uandike ping pamoja na anwani ya kituo hicho. Iache iende dakika kadhaa. Kituo chako kikijibu bila kusitasita huku mtandao wa nje ukikwama, kosa liko nje. Kikijibu kwa kigugumizi, kosa liko kwenu.

La pili ni mpangilio. Fahali wawili hawakai zizi moja. Rauta ya kampuni hugawa anwani kwa kila kifaa, na kituo kikuu cha waifai pia hupenda kufanya kazi hiyo hiyo. Vyote viwili vikigawa, mnapata nyumba mbili ndani ya nyumba moja: simu haiioni mashine ya kuchapisha, na michezo na simu za video hukataa kuunganishwa. Chagua mmoja awe mkubwa. Ama kampuni iifanye rauta yao ipitishe tu, ama vituo vyako viwekwe kwenye hali ya kutoa waifai bila kugawa anwani. Na kama kituo kikuu ndicho mkubwa, basi vituo vingine vyote vichomekwe nyuma yake. Wengi huchomeka kituo cha pili kwenye rauta ya kampuni kwa sababu tundu liko karibu. Kituo hicho kinakuwa kama mtoto aliyeruka uzio akaenda kula kwa jirani. Nyumbani hakijulikani.

La tatu ni waya wenyewe, na hapa nitakaa kidogo. Ndani ya waya wa mtandao mna nyuzi nane, yaani jozi nne. Kasi ya megabiti 100 kwa sekunde inahitaji jozi mbili tu. Kasi ya gigabiti 1 inazihitaji zote nne. Kwa hiyo uzi mmoja ukikatika katika zile jozi mbili nyingine, waya haufi. Hushuka kutoka 1000 hadi 100 kimya kimya, taa ikiendelea kuwaka kama kawaida. Nyuzi zikilegea kwenye plagi, waya huja na kupotea, na kila ukipotea kituo hukimbilia hewani bila kumwambia mtu. Ndiyo maana baadhi ya watu huapa kwamba wana waya, kumbe vituo vyao vinaongea kwa hewa tangu juzi. Usibahatishe. Fungua programu ya vituo kwenye simu, tazama kila kituo kimeandikwa kwamba kimeungwa kwa waya au kwa hewa, na kwa kasi gani.

Njia ya kumnasa mwizi huyu ni rahisi. Ng'oa kituo kinachosumbua, kibebe hadi kando ya kituo kikuu, kiunganishe kwa waya mfupi unaojua ni mzima. Kikitulia, kosa ni la ule waya mrefu au plagi zake. Kikiendelea na vituko vyake, kosa ni la kituo au la tundu. Kazi ya dakika kumi imekuokolea maelfu ya shilingi.

Kwa mjomba wangu mmoja mambo yalikuwa hivyo hivyo. Nyumba ni ya gorofa moja, vituo vitatu, na kila jioni ilikuwa ni "Nani amezima waifai?" Lawama zilimwangukia binamu yangu kwa sababu ya michezo yake. Tulipobeba kituo cha juu tukakiweka karibu na kile kikuu, kilinyamaza kama mtoto aliyeshiba. Tukakagua waya. Tulipoukwaruza uzi mmoja kwa kisu, ndani ulikuwa mweupe: alumini iliyopakwa shaba juu juu. Nyuzi za namna hiyo hukatika zikikunjwa, na plagi hazizishiki vizuri. Shangazi alicheka akasema, "Kumbe mtoto wa watu amesingiziwa mwezi mzima!" Waya mpya wa shaba tupu ulimaliza kesi.

Kwa hivyo mkinunua, ulizeni shaba tupu, aina ya Cat5e au Cat6. Waya huo hubeba gigabiti 1 hadi meta 100, na sijui nyumba ya mwanafunzi gani hapa inayozidi hapo. Msiukunje kama uzi wa kufungia mzigo, na msiupitishe bega kwa bega na nyaya za stima kwa mwendo mrefu. Anayefunga plagi afuate mpango mmoja wa rangi pande zote mbili.

La nne ni mzunguko. Mdogo wako anaona ncha ya waya inaning'inia, naye kwa moyo mwema anaichomeka kwenye swichi, kumbe ncha ya pili iko kwenye swichi hiyo hiyo. Habari zinaanza kuzunguka bila mwisho, taa zote zinamemeta kwa pamoja kama za disko, na nyumba nzima inakosa mtandao. Ng'oa nyaya moja moja hadi taa zitulie. Ile uliyoing'oa mwisho ndiyo mchawi.

La tano ni stima. Umeme ukipotea na kurudi, vituo huwaka kabla rauta ya kampuni haijaamka sawasawa, halafu vinaduwaa. Iwasheni rauta kwanza, kisha kituo kikuu, kisha vingine. Wengine wamenunua betri ya akiba ya rauta wakasahau ile swichi ndogo iliyo katikati ya njia. Stima ikienda, rauta iko hai na kituo cha juu kimekatwa.

Naomba nitahadharishe pia juu ya radi. Waya wa shaba unaotoka nyumba kubwa kwenda nyumba ndogo ya nje unaweza kuleta msukumo wa radi hadi ndani ya mitambo. Wenzetu wa Kisii na Kakamega wanajua radi si ya kuchezewa. Kati ya jengo na jengo, ni heri kutumia uzi wa kioo ambao haupitishi umeme.

Najua pingamizi zipo, na baadhi zina haki. Wengi tunaishi kwenye nyumba za kukodi na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kutoboa ukuta. Kweli. Lakini upo waya mwembamba bapa unaopita chini ya mlango na kando ya ukuta, hautaki tundu hata moja. Na si lazima kila kituo kiwe na waya. Kile kimoja kilicho mbali kikipata, vingine hupumua. Pengine hata hamhitaji vituo vitatu! Simu ndiyo inayoamua ishikamane na kituo kipi, na vituo vikibanana sana simu huning'inia kwenye kile cha mbali hata ukiwa umekaa mbele ya kile cha karibu. Katika fleti ya vyumba viwili, kisanduku kimoja kilichowekwa katikati na juu kinaweza kutosha kabisa.

Kwa wanaojenga nina ombi moja. Mnapopitisha mabomba ya nyaya za stima ukutani kabla ya kupiga plasta, pitisheni na bomba tupu la waya wa mtandao hadi kila gorofa. Bomba la plastiki ni bei ndogo, ilhali kubomoa ukuta uliokwisha kupakwa rangi ni vita.

Na kwa walimu wetu wa tarakilishi, kwa heshima zote, nawaomba siku moja mtuonyeshe jinsi ya kufunga plagi ya waya wa mtandao na kuupima. Tunafundishwa majina ya sehemu za tarakilishi tukayakariri kama kasuku. Kijana au msichana anayeweza kufunga plagi moja sawasawa ataisaidia familia yake jioni hiyo hiyo, na huenda siku moja akajipatia riziki.

Basi wenzangu, likizo iko mlangoni. Waifai ikianza vituko vyake nyumbani, msimtafute wa kulaumiwa. Piga magoti, washa tochi ya simu, fuata waya kutoka mwanzo hadi mwisho. Na mzazi akiuliza unatafuta nini huko chini ya kabati, mjibu kwa adabu kwamba unamtafutia pesa zake.